Kovu la Mwenye Kadi

TANGAZO. Wateja wote wa Kituo cha Afya wanaarifiwa kwamba kuanzia leo viti vya plastiki vilivyopo katika ushoroba wa chini havitasogezwa, havitageuzwa, wala havitawekewa mikoba. Kiti ni cha kukalia. Mteja mwenye mkoba ataupakata. Uongozi unatarajia ushirikiano wenu.

Mshonaji alikuwa ameupakata mkoba wake na kulisoma tangazo hilo mara tano. Hakulisoma kwa sababu lilimgusa. Alilisoma kwa sababu ndiyo karatasi pekee ukutani ambayo haikumtisha. Karatasi ya pili, iliyobandikwa kando yake, ilikuwa na mhuri na herufi nene. Ilieleza kwamba kadi ya matibabu ni ya mtu mmoja, kwamba kuiazima au kuiazimisha ni udanganyifu, na kwamba wote watakaohusika watapoteza stahili zao, "ikiwa ni pamoja na maombi yoyote ya hifadhi yaliyo mbele ya mamlaka." Hiyo aliisoma mara moja tu, mwaka uliopita, na tangu siku hiyo macho yake yalijifunza kuiruka kama mguu unavyoruka shimo la njiani.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Alikuja kumwona wifi yake, mke wa kaka yake, aliyelazwa Jumamosi baada ya kuamka na kukuta shuka limelowa damu. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Daktari alieleza kwamba kondo la nyuma limekaa chini na kumzibia mtoto njia, kwa hiyo mtoto atatolewa kwa upasuaji siku ya Alhamisi. Mpaka hapo mama asiinuke, asibebe kitu, asicheke sana. Sharti la mwisho ndilo lililomshinda wifi.

Mkunga wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya mpira visivyotoa sauti. Alitokea mbele ya mshonaji kama mtu aliyechipuka sakafuni.

"Wewe ndiye ndugu wa kitanda namba sita?"

"Ndiye mimi, mama."

"Njoo huku."

Huku kulikuwa ni stoo ya mashuka. Mkunga alifunga mlango, akauegemea.

"Nitakuambia jambo, nawe usinijibu haraka. Faili la ndugu yako linasema mwaka jana alipasuliwa hapahapa, akatolewa uvimbe kwenye mji wa mimba. Linasema ana kovu la kulala, vidole viwili juu ya kinena, sentimita kumi na mbili. Leo asubuhi nimemwogesha mwenyewe. Nimelitafuta kovu hilo kama mtu aliyepoteza funguo. Tumbo la ndugu yako halijawahi kuguswa hata na wembe."

Chini ya sketi ya mshonaji, vidole viwili juu ya kinena, kovu la sentimita kumi na mbili lilianza kumwasha.

"La pili ndilo baya," mkunga aliendelea. "Kondo lililokaa vile likifunguka, damu haitoki, inamwagika. Kwa hiyo maabara wamempima ili tuweke akiba. Faili linasema kundi A. Wao wamepata O. Wamerudia, wamepata O tena."

"Labda mashine, mama..."

"Mashine haikosei mara mbili kwa namna ileile, mwanangu. Anayekosea hivyo ni binadamu."

"Na akipewa hiyo ya kwenye faili?"

"Atatetemeka, mkojo wake utageuka mweusi, na kabla sijamaliza kuandika saa atakuwa ametutoka. Asipopewa kabisa atatutoka vilevile, ila hapo tutakuwa tumefuata utaratibu." Mkunga alisema hayo bila kupandisha wala kushusha sauti. "Maabara hawatoi damu ya aina yoyote mpaka masjala waseme huyu ni nani. Na masjala wameshasema. Mwenye kadi anajulikana, wanasema, ana damu A na ana kovu. Kwa hiyo aliyelala kitanda cha sita ni mtu mwingine aliyeingia na kadi ya wizi. Wamempa mpaka kesho saa nne ajieleze. Asipojieleza, wanamtoa."

Ilimchukua mshonaji muda kuelewa alichoambiwa, na alipoelewa, alishika rafu ya mashuka. Kati yake na wifi, mmoja tu hakuwahi kutumia kadi isiyo yake, na huyo ndiye aliyekuwa anaitwa mwizi.

Historia yenyewe ilikuwa fupi. Katika mji ule watu waliokimbia kwao waligawanyika mafungu mawili. Waliokubaliwa walipewa kadi. Wanaosubiri walipewa karatasi ya kusubiri, iliyogongwa mhuri kila mwezi na kumstahilisha mwenyewe "huduma ya dharura pekee." Kaka na mkewe walitangulia kufika, wakakubaliwa. Mshonaji alifika miezi kumi na minne baadaye, kwa sababu ileile, akiwakimbia watu walewale, akakuta fomu imebadilishwa rangi. Sasa ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kusubiri.

Mwaka uliopita alitokwa na damu miezi minne mfululizo. Ofisa wa mapokezi, kijana mwenye adabu, alimfafanulia kwamba dharura ni jambo la ghafla, na kwamba jambo lililodumu miezi minne haliwezi, kwa maana ya neno lenyewe, kuwa la ghafla. Alimshauri arudi hali itakapobadilika. Mshonaji alirudi karakanani, alikokuwa akishona kola za mashati na kola tu, mia na arobaini kwa siku, akiwa amekalia kitambaa cheusi kilichokunjwa mara nne. Hali ilibadilika siku aliyoinamia cherehani akapitiwa na giza, na sindano ikatoboa ukucha wa kidole gumba ikatokea upande wa pili. Kwa kidole alihudumiwa papo hapo. Kidole kilikuwa dharura.

Jioni ile wifi alitia mkono kifuani akatoa kadi.

"Shika. Mimi mwaka huu siumwi."

"Wifi, uso wangu na wako wapi na wapi?"

"Hiyo picha imefuliwa mara tatu na sketi yangu. Uso uliobaki hapo ni wa mwanamke yeyote." Kisha akamfundisha tarehe yake ya kuzaliwa, ambayo ilimpunguzia mshonaji miaka saba kwa mkupuo. "Na hiyo miaka yangu uirudishe yote. Usiniletee iliyotumika."

Alipasuliwa, akaongezwa chupa mbili za damu, akapona, akairudisha kadi. Na hapo ndipo palipokuwa na kosa lao, kosa ambalo mtu aliyezaliwa na haki ya kutibiwa hawezi hata kulifikiria. Waliichukulia kadi kama vazi la kuazimana: unalivaa, unalifua, unalirudisha kwa mwenyewe, na vazi halikumbuki nani alilivaa. Hawakujua kwamba nyuma ya kadi kuna faili, na kwamba mwili mmoja ukishaandikwa humo, kila mwili unaofuata utalazimishwa kuenea ndani ya vipimo vyake. Kliniki ya wajawazito alikohudhuria wifi ilikuwa tawi dogo lenye daftari tu. Faili lenyewe lilifunguliwa tena Jumamosi, naye akiwa tayari kitandani.

Wodini, wifi alikuwa amelala chali, miguu imeinuliwa juu ya mto, macho yakizunguka kama ya mtu anayesubiri mgeni wa shari. Alipomwona mshonaji alitabasamu nusu.

"Mke mwenzangu wa kadi! Umekuja kuniona mimi au kuangalia mali yako?"

"Nyamaza, wifi. Umeambiwa usicheke."

"Nani anacheka? Wananiuliza kovu langu liko wapi. Nimewaambia labda limehama, siku hizi kila kitu kinahama."

"Umewaambia hivyo?"

"Nimewaambia kwa heshima." Alishusha sauti. "Wamekuja wawili wa mamlaka. Mmoja na kalamu, mwingine mikono mitupu, na huyo wa mikono mitupu ndiye aliyeuliza. Jina la mama yangu. La bibi yangu. Nilizaliwa wapi, nyumba ilikuwa na milango mingapi. Nikajibu yote, wifi, mpaka milango. Akasema mwenye kadi halisi angejibu hivyohivyo, na mwizi aliyefundishwa na mwenye kadi naye angejibu hivyohivyo. Sasa ulitaka nijibuje?"

Mshonaji alimshika mkono.

"Usimwambie kaka yako," wifi alisema. "Naogopa mpaka meno. Usiku mtoto akitulia naogopa amekufa, akicheza naogopa anafungua lile kondo. Nimebaki kumwomba acheze kiasi."

"Nitakwenda masjala. Nitawaambia ni mimi."

"Utawaambia nini? Ile karatasi ya ukutani hujaisoma? Watakufutia maombi. Wakikufutia, wanakurudisha kule."

Neno hilo, kule, ndilo jina pekee walilolitumia kwa nchi yao. Kule, siku moja asubuhi, mtu mwenye orodha alibisha mlangoni akauliza kwa upole nani na nani wanaishi katika nyumba hii. Mama yake mshonaji alikuwa mwanamke mkweli. Alijibu kila swali, akawataja watoto wake wote kwa umri wao, na yule mtu akamshukuru, akaweka alama pembeni ya majina. Jioni yake walikuja wengine, ambao hawakuwa na maswali. Tangu hapo mshonaji aliamini jambo moja tu kuhusu karatasi: mtu asiyeandikwa hatafutwi. Na sasa alikuwa anapanga kwenda kwa miguu yake mwenyewe kuandikwa.

Kaka alikuwa fundi bomba. Mshonaji alimkuta alasiri hiyo katika jiko la jengo la ofisi, amejilaza chali chini ya sinki, miguu tu ikionekana. Ilibidi azungumze na viatu vyake. Alivieleza yote, viatu vikatulia.

"Usiseme," sauti ilitoka chini ya sinki.

"Kaka, kesho saa nne wanamtoa."

"Ukisema wanafuta kadi. Kadi ikifutwa, mke wangu anakuwa mtu asiye na kadi kwenye kitanda cha wenye kadi. Watamtoa vilevile, halafu watakuchukua na wewe. Hapo nitakuwa nimepoteza watatu badala ya wawili. Hiyo hesabu gani?"

"Na nisiposema?"

Maji yalidondoka ndani ya ndoo, tone baada ya tone. Kaka alijivuta nje, akaketi sakafuni, uso wake umejaa kutu na jasho. Mikono yake, iliyozoea kukaza vitu, ilikosa cha kushika.

"Wewe ni dada yangu. Yule ni mke wangu. Usije hapa ukaniambia nichague."

"Sijaja uchague."

"Umejia nini, basi?"

"Nimekuja kukuaga. Kesho asubuhi usinisindikize. Wakikuona watakuuliza, na wewe kusema uongo hujui, unatoka jasho puani."

Kaka alijifuta pua kwa kiganja, akakitazama kiganja kwa hasira. Hakukana.

Masjala, alikofika Jumanne asubuhi, ilikuwa chumba kirefu chenye mafaili mpaka darini. Karani wake alifahamika kwa wagonjwa wote kama Bwana Kwanza, kwa sababu karibu kila hoja aliianza kwa neno hilo, na hakuna aliyewahi kumsikia akifika kwenye pili. Hakuwa mtu mkatili. Ni vyema hilo lielezwe, kwani watu wengi hupenda kudhani kwamba madhara makubwa yanahitaji watu wabaya. Alivaa shati la mikono mifupi ambalo kola yake, mshonaji aliona upesi, ilikuwa imechakaa ikafumuliwa na kugeuzwa, kwa mkono wa mtu anayempenda.

"Kwanza," alisema, "una miadi?"

"Sina, bwana. Nimekuja kuhusu kitanda cha sita. Lile kovu ni langu."

"Kovu lipi?"

"La kwenye faili."

"Kovu lililo kwenye faili ni la mwenye faili."

"Mwenye faili ni wifi yangu. Mwenye kovu ni mimi. Mwaka jana nilitibiwa kwa kadi yake." Aliisikia sauti yake ikitoka nyembamba, kama ya mtu anayezungumza ndani ya chupa. "Yeye hajaiba kitu. Kadi ni yake. Mimi ndiye niliyeiazima. Mpeni damu yake."

Bwana Kwanza aliweka kalamu mezani sambamba na ukingo wa faili. Alifungua, akasoma kwa kidole, akafunga, akafungua tena.

"Kwanza, kanuni ya masjala ni moja: kilichoandikwa kwanza ndicho sahihi, mpaka kikao kikitengue. Bila hivyo kila mtu angekuja na mwili wake. Kilichoandikwa kwanza humu ni damu A na kovu. Wewe una damu gani?"

"A."

"Na kovu unalo."

"Ninalo."

"Basi kwa mujibu wa faili, mwenye kadi ni wewe."

Kwa muda usiozidi pumzi tatu mshonaji alikuwa mkimbizi aliyekubaliwa, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja na haki zote za matibabu. Hofu iliyomshika katika pumzi hizo ilizidi ile ya mwanzo, kwa sababu aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Angenyamaza tu. Wifi angetolewa kitandani kama mwizi, na yeye angebaki na jina lake.

"Na mume wako," Bwana Kwanza aliendelea kusoma, "ni fundi bomba."

"Huyo ni kaka yangu. Tumbo moja."

Karani aliinua kidole kutoka kwenye ukurasa kama mtu aliyegusa jiko.

"Kwanza," alisema taratibu, "hilo tusiliandike."

Aliita muuguzi wa kike. Nyuma ya kabati la mafaili mshonaji alishusha sketi, kifungo kikimponyoka mara mbili. Masjala haikuwa na cha kupimia, kwa hiyo akatoa mkobani tepu yake ya kazi. Kovu lilikuwa la sentimita kumi na mbili na nusu. Faili lilisema kumi na mbili. Tofauti hiyo ilijadiliwa na kuandikwa.

Kisha akaandikiwa maelezo, ukurasa na robo. Aliulizwa kama anafahamu matokeo ya alichokisema.

"Nafahamu."

"Unaweka sahihi kwa hiari?"

Alifikiria neno hilo. Nje, mkokoteni wa wagonjwa ulipita ukigonga ukuta, akadhani ni kitanda cha sita kinatolewa; saa ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

"Kwa hiari," alisema, akatia sahihi. Alipomaliza aliona kwamba pembeni ya jina lake karani ameweka alama ndogo ya vema, ile inayowekwa na kila karani duniani bila kuwaza lolote.

"Sasa watampa damu?"

"Kwanza suala lipelekwe kikaoni. Kikao ni kesho mchana. Mpaka hapo abaki kitandani, hatatolewa." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya kiofisi, akaongeza: "Usiende mbali, mama. Na usikae pale mlango mkuu unapoonekana."

Hakujua kama hilo lilikuwa onyo au wema. Usiku huo hakulala kwake. Alilala karakanani, nyuma ya marobota ya vitambaa, viatu vikiwa miguuni.

Jumatano mchana, saa saba na nusu, wifi alimwagika.

Mshonaji alikuwa ameketi kando ya kitanda akimsimulia juu ya tepu na ile nusu sentimita. Wifi alifunga mdomo kwa kiganja ili asicheke, mabega yakamtikisika kidogo, kisha akakaa kimya ghafla, macho yamemtoka.

"Wifi," alisema. "Nimelowa."

"Jasho?"

"Si jasho."

Mshonaji alifunua shuka. Mwaka uliopita aliiona kila siku rangi ile ikienea kwenye kitambaa, na alijua kwa macho ni kiasi gani hunywewa na godoro na kiasi gani hubaki juu. Hii ilikuwa inabaki juu. Alipiga kelele ambayo hakujua anayo. Mkunga alifika, akatazama mara moja, akaanza kutoa amri bila kumtazama mtu.

"Mwiteni daktari. Chumba cha upasuaji sasa, siyo kesho. Wewe, ndugu, kandamiza hapa. Usiogope kumuumiza. Wewe nenda maabara uniletee O, chupa nne."

Muuguzi aliyetumwa alirudi mikono mitupu.

"Wanasema ipo. Nimeiona mwenyewe kupitia kioo cha friji. Lakini jina la kitanda cha sita lina A. Wanasubiri kikao."

"Kikao kipo wapi?"

"Juu. Kimeanza saa saba."

"Mwambieni wa maabara mgonjwa anatoka damu."

"Nimemwambia. Amelia, dada. Ameniambia mwaka jana mwenzake alitoa kinyume na jina, sasa hana kazi. Analia na funguo anazo mfukoni."

Mkunga alipanda ngazi mbili mbili, viatu vyake vya mpira vikiacha alama nyekundu kila alipokanyaga. Mshonaji alisikia mlango ukifunguliwa juu, sauti za watu wanne zikikatika, kisha sauti ya kiume yenye subira ikimwambia mama mkunga kwamba suala lake ni ajenda namba tatu na kwamba wajumbe wako kwenye namba mbili, yatokanayo na kikao kilichopita. Alisikia mkunga akijibu kwa maneno ambayo hayakuingizwa kwenye kumbukumbu. Mlango haukufungwa. Ajenda namba tatu ilisogezwa mbele, baada ya mjumbe mmoja kuuliza kama hilo linaruhusiwa, na mwingine kuthibitisha kwamba linaruhusiwa.

Kaka alifika akikimbia na nguo za kazi, spana ikiwa bado mkononi. Nani alimpigia simu, mshonaji hakujua. Alisimama kando ya kitanda, akamwinamia mkewe.

"Mke wangu."

"Toa hiyo spana," wifi alisema. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa rangi ya majivu. "Watadhani umekuja kunitengeneza."

Akacheka peke yake, pumzi moja, na mshonaji akahisi chini ya viganja vyake damu ikisukuma. Alikandamiza zaidi. Alikuwa na hakika kamili, hakika ya kipumbavu, kwamba akiondoa mikono hata kwa kupepesa jicho, yote yatatoka kwa mara moja. Kwa hiyo alitembea hivyohivyo kando ya kitanda kilipoanza kusukumwa, ameinama, mikono yake miwili ikiwa imezama ndani ya shuka, kaka akisukuma upande wa kichwa na muuguzi upande wa miguu, mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Huko daktari alisimama na glovu mikononi, mikono yake ameinua juu kama aliyeamriwa kusalimu amri.

"Damu iko wapi?"

"Juu wanaamua."

"Mimi sifungui tumbo hili bila damu. Na nikichelewa dakika kumi sitakuwa na sababu ya kulifungua." Aliwatazama mmoja mmoja. "Nani ana O hapa?"

Kaka alikuwa A kama dada yake. Muuguzi alikuwa B. Mkunga, aliyekuwa anashuka ngazi nyuma ya Bwana Kwanza, alikuwa AB. Katika ushoroba ule, ukiacha mwanamke aliyelala kitandani, hapakuwa na mwenye kundi la mwenye kadi.

Mshonaji alimtazama Bwana Kwanza akiteremka. Mkononi alikuwa na karatasi moja yenye mhuri, wino ukiwa haujakauka, na alikuwa ameishika kwa ncha mbili ili isichafuke. Mlango mkuu ulionekana nyuma yake, na mbele ya mlango huo walikuwa wamesimama wanaume wawili, mmoja na kalamu, mwingine mikono mitupu. Mshonaji aliwaona. Hakuondoa mikono yake.

"Soma," daktari alisema. "Upesi."

Bwana Kwanza alisafisha koo, akasoma kwa sauti iliyotetemeka, bila kuruka neno, kama alivyofunzwa:

"Kikao, baada ya kuzingatia maelezo, vipimo na kanuni, kimeridhika kwamba mgonjwa wa kitanda namba sita na mtoa maelezo ni watu wawili tofauti, na kwamba mgonjwa ndiye mmiliki halali wa kadi. Kikao kinamwomba radhi mgonjwa kwa usumbufu. Upasuaji wake umeruhusiwa kuanza mara moja. Kwa kuwa hata hivyo faili bado ni moja, taarifa zilizoandikwa kwanza, likiwemo kundi la damu, zitaendelea kuwa sahihi, na maabara haitatoa kundi jingine kwa jina hilo mpaka faili litakapogawanywa. Maombi ya hifadhi ya mtoa maelezo yamesimamishwa hadi ugawaji huo ukamilike. Maombi ya kugawanya faili yatapokelewa dirisha namba mbili, siku za kazi, wahusika wote wawili wakihudhuria, na yatajibiwa kwa maandishi ndani ya siku thelathini."